Mpaka wa majirani huchorwa mara moja: mashamba yaliyopakana kwenye QGIS

Ukiniletea ramani ya mashamba ya uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, iliyochorwa kwenye QGIS (programu ya kompyuta ya kuchora ramani), kabla ya kuangalia rangi au namba za ploti, nitavuta karibu pale mashamba mawili yanapokutana. Natafuta vibanzi. Hivi ni vijipande vyembamba vya weupe katikati ya majirani, au sehemu ambapo poligoni moja, yaani umbo la shamba kwenye ramani, imelalia nyingine. Ukiwa mbali huvioni. Ukikokotoa ekari, vinajitokeza.

Karibu vyote huzaliwa na tabia moja: kuchora mpaka ule ule mara mbili. Mtu amemaliza shamba la kwanza vizuri kabisa, akifika la pili anaufuata tena mstari kwa kipanya, kona baada ya kona, akiamini macho yake. Kule Ahero kwenye mpunga, tuta linalotenganisha majaruba mawili ni moja tu. Lakini faili la ramani, liwe shapefile au GeoPackage, halijui habari za tuta: kila poligoni hubeba viwianishi vyake yenyewe, yaani namba za mahali pa kila kona, na mpaka wa pamoja huhifadhiwa mara mbili. Kwa hiyo haitoshi mistari miwili ikaribiane. Namba zake lazima zilingane hadi desimali ya mwisho, na hilo mkono wa binadamu hauliwezi.

Basi kazi hiyo iachie programu. Washa unasaji, kile kitufe chenye alama ya sumaku kinachovuta mbofyo wako ukae juu ya kona au mstari uliopo, na uhakikishe unanasa kona na mstari vilevile. Umbali wa kunasa mimi huuweka kwa pikseli, kama kumi hivi, kisha navuta karibu kabla ya kubofya. Wako wanaopenda mita, lakini kwenye mitaa iliyobanana kama Nyalenda, mita mbili zinaweza kukunasia kona ya nyumba ya jirani wa tatu. Halafu washa ufuatishaji kwa kubonyeza T: bofya kona ambapo mpaka wa pamoja unaanzia, bofya pale unapoishia, na mstari utajichora juu ya ule wa jirani. Angalizo moja tu, ufuatishaji huchagua njia fupi. Kwenye mpaka unaopindapinda na mto kama Nyando, unaweza kukuzungushia upande usioutaka. Bofya katikati ya njia na utakuwa umeuelekeza.

Sasa jambo ambalo wengi hulipita. Mashamba hayakutani kona kwa kona kila wakati. Shamba refu la baba linaweza kuwa na ubavu mmoja ulionyooka, na upande wa pili kuna ploti tatu za wana, kila moja ikigonga ubavu huo katikati. Ukinasa kona ya ploti ya mwana kwenye mstari wa baba, kwa macho imekaa sawa. Ila mstari wa baba hauna nukta pale. Kompyuta hukokotoa mahali pa kuiweka na kukadiria desimali, kwa hiyo kona inaweza kukaa kando ya mstari kwa kiasi kidogo mno. Ukija kusogeza mpaka wa baba kesho, ploti za wana zinabaki nyuma.

Na kuna mtego mwingine hapo hapo, hasa kwa wanaofanya kazi kaunti ya Nakuru. Longitudo ya 36 hupita kati ya Njoro na mji wa Nakuru, na ndiyo inayogawa kanda ya 36 na ya 37 za UTM, mfumo wa kupima ramani unaoigawa dunia kwa kanda. Molo na Njoro ziko kanda moja na Kisumu, mjini Nakuru ni kanda nyingine. Ukihamisha ramani kutoka kanda hadi kanda, mstari ulionyooka kwenye moja haunyooki kikamilifu kwenye nyingine. Kona za wana huhamishwa kila moja mahali pake, lakini ubavu wa baba unahamishwa kwa ncha zake mbili tu. Hapo mwanya unafunguka. Kwa shamba la kawaida hauzidi milimita, kwa mpaka wa wadi wa kilomita kadhaa unaweza kufika sentimita, na programu ya kukagua haikusamehi hata kimoja.

Dawa ya mitego yote miwili ni uhariri wa topolojia, yaani kuhariri majirani kwa pamoja pale wanapogusana, kitufe kilicho kwenye upauzana ule ule wa sumaku. Ukiwa umeuwasha, kila unaponasa kwenye mstari wa jirani, QGIS inamwongezea jirani nukta pale pale, na ukisogeza nukta ya pamoja wote wanakwenda nayo. Mimi siuzimi kamwe.

Kwa shamba la urithi linalogawanywa, usichore watoto mmoja mmoja. Chora shamba zima, kisha ulikate kwa zana ya kugawa, mstari ukianzia nje na kuishia nje. Mwanya hauna pa kutokea. Usisahau tu kubadilisha namba ya ploti, kwa sababu vipande vyote hurithi ile ya mzazi.

Kuna pia chaguo la kuzuia mwingiliano: unachora shamba la pili kwa ulegevu ukilalia la kwanza, nalo linakatwa lenyewe. Ni la haraka na nalipenda, ila huondoa kulaliana tu. Pale ulipokosa kufika, mwanya unabaki.

Kabla ya kumkabidhi mtu faili, endesha plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya Topology Checker kwa kanuni mbili: poligoni zisilaliane, na zisiwe na mianya. Mianya utakayoona si yote makosa. Barabara na njia za ng'ombe nazo zitaorodheshwa, kwa hiyo pitia mmoja mmoja kabla ya kuziba chochote.