Sakinisha Kama Mgeni: Niliyoyapata Nikifungasha Maktaba ya Python

Vijana wanaonitafuta kuhusu programu huria huja na ombi lilelile: "Kaka, natamani kuchangia, ila kodi yangu bado haijaiva." (Kodi ya kompyuta, yaani maandishi ya programu, si ile ya mwenye nyumba, ingawa kwa wengi nayo haijaiva.) Huwa nawaambia waachane na kodi kwanza. Tafuta maktaba ndogo (kodi iliyoandikwa ili programu nyingine ziitumie) ambayo mwenyewe kaiandika vizuri, kisha akachoka kabla ya kuifungasha. Kwenye GitHub, tovuti ambako watu huweka kodi zao, zimejaa. Kuifungasha na kuipeleka mahali ambapo mtu ataipata kwa amri moja ni kazi isiyo na wagombea, na mgeni anaiweza kuliko mwenyeji.

Yangu ilikuwa maktaba ya Python (lugha ya kuandikia programu) inayogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili, ya kuandikia risiti na hundi. Unaipa 3,500, inakurudishia "elfu tatu na mia tano". Utadhani mchezo wa watoto mpaka ufike 15,000. "Elfu kumi na tano" ni 15,000 au ni 10,005? Muuza duka anajua kwa kuangalia mzigo ulioubeba. Kompyuta haioni mzigo. Mwenye mradi alikuwa amelitatua hilo kwa ustadi, lakini ukitaka kuitumia ilibidi unakili folda nzima uibandike kando ya kazi yako. Nikajitolea kuifanya isakinishwe kwa pip, amri ya kusakinishia maktaba za Python. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo hata mara moja.

Nilianza na leseni. Nilikuwa naamini kitu kikishawekwa hadharani ni cha wote. Sivyo: kodi isiyo na leseni inabaki mali ya aliyeiandika, na kuiona hakukupi ruhusa ya kuisambaza. Nilimwandikia mwenyewe achague. Akachagua leseni ya MIT, yenye aya chache tu, na suala likaisha siku hiyohiyo. Usimchagulie, hata kama unaona jibu liko wazi.

Jina lilitusumbua zaidi. PyPI, ghala la vifurushi vya Python, haitofautishi herufi kubwa na ndogo, wala kistari, kistari cha chini na nukta. Kwa hiyo jina unaloliona liko huru huenda pacha wake yumo tayari. Letu lilikuwa limechukuliwa, tukaongeza neno mbele. Si lazima jina la kusakinishia lifanane na la kuitia ndani ya programu. Unasakinisha Pillow, unaandika `import PIL`. Lakini ukiweza, yafananishe. Nimeona watu wakikwama hapo nusu siku.

Faili la pyproject.toml nisikuchoshe nalo: jina, toleo, leseni, Python ya chini kabisa inayokubalika, na vitegemezi (maktaba nyingine ambazo yako inazihitaji). Mwongozo rasmi una mfano, unakili na ujaze. Ila ukikuta somo linalokuambia uandike `python setup.py upload`, funga ukurasa, hilo ni la enzi zilizopita.

Sasa aibu yangu. Niliandika `python -m build`, nikapata mafaili mawili kwenye folda ya dist: moja la .tar.gz lenye chanzo, jingine la .whl lililo tayari kusakinishwa. Nikaipakia PyPI kwa Twine, programu ya kupakilia vifurushi, saa nne usiku, toleo 0.3.0, nikatangaza kwenye kundi la WhatsApp, nikalala. Asubuhi nikakuta "Kaka, kwangu imekataa," na picha ya skrini chini yake: FileNotFoundError, maneno.json.

Maneno yote, kuanzia moja hadi bilioni, yalikuwa kwenye faili hilo, na faili halikuwemo kwenye kifurushi. Ni kama kumpa mtu pilau yako aende kuipika kwake huku binzari umezibakiza kabatini. Kwangu ilifanya kazi kwa sababu kila nilipoijaribu nilikuwa ndani ya folda ya mradi, Python ikaliokota faili palepale miguuni pangu.

Makosa yalikuwa mawili, moja limejificha nyuma ya jingine. Kwanza, setuptools, chombo kinachojenga kifurushi, haibebi faili lisilo la Python mpaka uiambie. Faili linapaswa kukaa ndani ya folda ya kifurushi na kutajwa kwenye sehemu ya package-data. Pili, kodi ilifungua `open("maneno.json")`, ambayo hutafuta mahali alipo mtumiaji, si mahali ilipo maktaba. Dawa yake ni importlib.resources, ambayo hutafuta faili ndani ya kifurushi chenyewe. Ningetibu la kwanza tu, picha ya skrini ingerudi vilevile.

Nikarekebisha, nikajaribu kupakia 0.3.0 upya. PyPI ikakataa. Jina la faili likishatumika pale halitumiki tena, hata ukilifuta. Nilikasirika kidogo, halafu nikaelewa: aliyesakinisha 0.3.0 jana na atakayeisakinisha mwakani lazima wapate kitu kilekile. Basi tukatoa 0.3.1. Ile mbovu nilitaka kuifuta kwa aibu, mwenye mradi akanizuia, akaniambia niitie alama ya "yanked": pip huiruka, isipokuwa kwa aliyeitaja kwa namba yake kamili. Akanikumbusha left-pad. Machi 2016 mtunzi wake aliiondoa kwenye npm, ghala la JavaScript. Ilikuwa na mistari 11 tu, na miradi chungu nzima ikashindwa kujengwa mpaka npm ilipoirudisha. Sisi tulikuwa na watumiaji labda wanne, lakini mmoja wao ndiye aliyenitumia ile picha.

Tangu hapo sipakii kitu kabla ya kufanya hivi. Faili la .whl ni zip ya kawaida tu, kwa hiyo naandika `unzip -l dist/*.whl` na kusoma majina kwa macho. Kisha natoka kwenye folda ya mradi, naenda /tmp, natengeneza mazingira pepe mapya (Python iliyotengwa, isiyo na maktaba zangu), nasakinisha lile .whl, na kunakili mfano wa kwanza wa README (faili la maelekezo ya mradi) herufi kwa herufi.

Na hapa ndipo mgeni anapomshinda mwenyeji. Mfano wa kwanza wa README yetu ulikuwa unaita fanksheni iliyobadilishwa jina miezi mingi nyuma. Mwenyewe hakuwahi kuuona ukikosea, kwa sababu ni nani anasoma maelekezo ya kuingia nyumbani kwake? Mimi niligonga mlango nikakuta umehamishwa. Kila unapojikwaa andika siku hiyohiyo, kwa maneno uliyoyasema ulipojikwaa (ukiondoa matusi). Ukingoja wiki mbili utakuwa umeshazoea, na hutaliona tena.

Kuna TestPyPI kwa mazoezi. Inataka akaunti yake na tokeni yake (ufunguo wa siri wa kupakilia), za PyPI hazifanyi kazi kule. Na usishtuke usakinishaji ukikwama kule kwa sababu ya vitegemezi, mara nyingi havipo kwenye ghala hilo la mazoezi.

Kuhusu funguo, usimwombe mwenye mradi nenosiri, naye asikutumie tokeni WhatsApp. Tangu 1 Januari 2024 PyPI inataka kila akaunti iwe na uthibitisho wa hatua mbili, na mwenye mradi anaweza kukuongeza kama mtunzaji wa mradi huo mmoja tu. Bora zaidi ni njia iliyoletwa 2023, ambapo GitHub Actions, huduma ya GitHub inayoendesha kazi kama hizi yenyewe, hujitambulisha yenyewe kwa PyPI na kupewa kibali cha muda mfupi, bila tokeni yoyote kuhifadhiwa. Kuiweka kulinichukua mchana mzima, na sehemu kubwa ya mchana huo nilikuwa nimekosea herufi moja kwenye jina la faili.

Wiki chache baada ya 0.3.1 kutoka, mtu tusiyemjua akafungua hoja kwenye ukurasa wa mradi. Kifurushi hakikuwa na tatizo. Alisema kwao hundi huandikwa "elfu mia moja", si "laki moja", akauliza kama kuna namna ya kuchagua. Haikuwepo. Hilo lilikuwa la kodi, kodi hasa, katikati ya ile sehemu ya elfu kumi na tano. Nikaandika chini yake: "Niachieni hili."