Ukichafuliwa jina Kenya: miezi 12, maneno yenyewe na shahidi

Ujumbe umetumwa kwenye kundi la chama: "Mweka hazina amekula pesa zetu. Mwizi huyu." Anayetajwa mara nyingi hukimbilia polisi. Kwa kashfa yenyewe, yaani kuchafua jina la mtu, huko siko. Kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa jinai, Mahakama Kuu ilikibatilisha Februari 2017. Kilichobaki ni kesi ya madai chini ya Sheria ya Kashfa, Sura ya 36: unadai fidia, hufungi mtu.

Madai mengi ya madhara hupewa miaka 3 ya kufungua kesi. Kashfa ina miezi 12 tu, na watu huimaliza wakingoja wazee wapatanishe au viongozi wa chama waitishe kikao. Hata barua ya wakili haisimamishi hesabu hiyo. Lazima hati ya madai, ile inayofungua kesi, iwe imefika mahakamani.

Kabla hujajibu neno, hifadhi ushahidi. Skrinshoti ionyeshe jina la kundi, nambari ya mtumaji, tarehe na saa, pamoja na ujumbe uliotangulia na uliofuata. Usiikate pembeni, usiuze simu. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi nakala ilivyotolewa, kikiwa na sahihi ya mhusika. Bila cheti, wakili wa upande wa pili atapinga karatasi zako zisipokelewe, na mara nyingi hufaulu.

Kinachoangusha kesi nyingi ni maneno. "Aliniita mwizi" haitoshi. Hati ya madai inukuu sentensi nzima kama ilivyotoka. Kama ilisemwa kwa Kiswahili, Kikamba au Sheng, inaandikwa hivyo hivyo, ndipo ifuatwe na tafsiri ya Kiingereza. Mafumbo yana kazi zaidi, na sisi twayapenda. "Wengine wamepandisha ghorofa tangu hesabu zipotee" haina jina la mtu, kwa hiyo ni juu yako kueleza wasomaji walijuaje kuwa ni wewe, na walielewa nini.

Kisha shahidi. Uchungu wako si hoja. Sheria inalinda heshima uliyo nayo machoni pa wengine, kwa hiyo ujumbe uliotumiwa wewe peke yako si kashfa. Tafuta mtu aliyeusoma na akaanza kukutilia shaka. Rafiki mwema atakayesimama kizimbani aseme "nilijua ni uongo, bado namheshimu" amekumaliza.

Maneno ya mdomo ni magumu zaidi: kwa kawaida uthibitishe hasara, isipokuwa kama umesingiziwa jinai au umeharibiwa kazi au biashara yako.

Aliyeandika naye ana kinga zake. Ukweli ni mojawapo, ila mzigo wa kuuthibitisha ni wake. Taarifa aliyopeleka polisi kwa nia njema pia hulindwa. "Inasemekana" haimkingi, wala "nimeforwadi tu".

Usipeleke kesi hii Mahakama ya Madai Madogo, hairuhusiwi kuisikiliza. Hakimu mkuu anaweza, hadi shilingi milioni 20. Na hapa neno "mwizi" lina bei: wizi wa kawaida adhabu yake hufika miaka 3 jela, na kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa kinasema kashfa ya maandishi inayomsingizia mtu kosa la kifungo kisichopungua miaka 3, fidia isiwe chini ya shilingi 400,000. Kosa la kunyongwa, kiwango ni milioni 1.

Barua ya madai, ile anayotumiwa aliyekuchafua kabla ya kesi, itangulie, maana nakala yake huambatanishwa na kesi. Mpe siku 7, umtake afute na aombe radhi. Radhi iombwe kwenye kundi lile lile, mbele ya wale wale waliosoma, si kwa simu usiku.