Nimekataa cha juu kazini, nyumbani sisemeshwi

Shangazi, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nina mke na watoto watatu. Ni mtunza stoo wa kampuni ya ujenzi hapa Dodoma, na kwenye usharika wetu ni mzee wa kanisa. Mwezi uliopita lori la saruji liliingia saiti na delivari noti ya mifuko 600. Nikahesabu, nikapata 560. Msimamizi akasema nisaini 600, "mengine tutaongea". Nikakataa. Tangu siku hiyo naitwa Mchungaji, chai ya saa nne nakunywa peke yangu, na ovataimu nimenyimwa.

Nyumbani nako moto. Binti yetu wa kidato cha pili amerudishwa na shule kwa ajili ya ada. Tukiwa mezani mke wangu akasema, "Wenzako wanasaini, na kanisani wanakaa viti vya mbele." Nikamjibu kwa Neno: "Nenda nyuma yangu, Shetani." Binti alikuwepo. Mke wangu akainuka, akakusanya sahani zote, hata yangu ambayo nilikuwa sijamaliza. Leo ni siku ya 12 hatuongei, isipokuwa "chakula kiko mezani".

Sitaki kuficha kitu, Shangazi. Miaka mitatu iliyopita, kabla sijawa mzee wa kanisa, nilisaini mara moja, nikapewa 200,000. Anayejua ni msimamizi huyo huyo tu, na juzi alinikumbusha huku anacheka. Je, niache kazi? Mwanamume wa imani asimame vipi hapa?

Msimamo, Dodoma

Marahaba mdogo wangu, na amina.

Hiyo laki mbili umeiweka mwisho kabisa, kama mgonjwa anayemweleza daktari habari za kikohozi nusu saa nzima, halafu akiwa ameshashika kitasa cha mlango ndipo anasema, "Ila pia natema damu." Nitaifikia. Kwanza tumalizane na saruji.

Ulifanya sawasawa. Mifuko 40 ya kilo 50 ni tani mbili, na tani mbili hazipotei barabarani kama chupa ya maji. Tena wewe unajua kuliko mimi kinachofuata: fundi akiletewa saruji pungufu hapunguzi ukubwa wa nguzo, anaongeza mchanga. Zege lililotakiwa kuwa moja kwa mbili kwa nne linageuka uji, halafu mtu asiyejua lolote anakuja kulala chini yake. Kwa hiyo wakikuita Mchungaji, itika. Ni jina zuri kuliko mengi wanayoitwa watunza stoo.

Kuhusu kuacha kazi, fungua Luka sura ya tatu. Watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza wafanye nini. Kazi ile ilikuwa imejaa dhuluma kuliko stoo yako. Hakuwaambia waache. Aliwaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari nao walipouliza, akawaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, na watoshewe na mishahara yao. Hakuna aliyeambiwa aache kazi yake. Baki stoo. Siku watakayokufukuza watakuwa wamekufukuza wao, na utakuwa na karatasi mkononi.

Hilo la karatasi lisikie vizuri, maana watu wa imani wengi huwa wavivu wa maandishi, wanadhani Mungu ndiye atakayewatunzia mafaili. Kila mzigo uhesabu dereva akiwa amesimama hapo. Andika kwenye delivari noti ulichopokea: "Imepokelewa mifuko 560, pungufu 40." Weka tarehe na namba ya gari, dereva asaini, na nakala ibaki kwako. Piga picha kwa simu. Usihubiri. Usiseme "mimi nimeokoka siwezi", maana hapo unawapa nafasi ya kubishana na wokovu wako, na hesabu inasahaulika. Sema, "Nimehesabu 560," halafu nyamaza. Danieli alipotafutiwa kosa na wakuu wenzake, walipekua kazi yake ya ufalme wakakosa la kushika. Kitabu chenyewe kinasema hivyo, sura ya sita. Walikuta vitabu vyake viko safi.

Sasa twende mezani kwako, kwenye zile sahani.

Maneno yale Yesu alimwambia Petro, aliyekuwa anataka kumzuia asiende msalabani. Mke wako alikuwa anazungumzia ada. Alikosea, ndiyo. Kukupima na wanaosaini na kukaa viti vya mbele si haki, na siku mtakayokaa kuzungumza una ruhusa ya kumwambia hivyo. Lakini mwanamke ambaye mtoto wake amerudi na begi katikati ya muhula ana hofu, na hofu haichagui maneno. Ulikuwa unaweza kumwambia, "Mama nanihii, najua ada inakuuma, hata mimi inaniuma." Ukachagua kumwita Shetani mbele ya binti yake. Halafu kwangu ukaandika kwamba ulimjibu "kwa Neno". Mdogo wangu, hilo neno lilitoka kwako. Usimsingizie Mungu.

Alipokusanya sahani na yako humo ndani, mimi nilimwelewa kabisa. Hakutupa kitu wala hakupiga kelele. Alikuonyesha tu kwamba chakula kimekwisha. Siku 12 sasa unapakuliwa na unakula peke yako, na huenda unajiambia kwamba unateswa kwa ajili ya haki. Kazini ni kweli unateswa kwa ajili ya haki. Nyumbani unateswa kwa ajili ya mdomo.

Wewe ni mzee wa kanisa, kwa hiyo Timotheo wa kwanza, sura ya tatu, unaijua. Paulo anataja mtu anayefaa kuangalia kanisa: si mpiga watu, bali awe mpole, wala asiwe mwenye kupenda fedha. Hilo la fedha umelishika kwa mikono miwili. La upole umeliruka. Tena liko kabla ya la fedha, kwa hiyo huwezi kusema hukulifikia.

Nina wasiwasi mmoja na nitakuambia kama nilivyo nao. Sidhani ulimkaripia mke wako kwa sababu ya imani yako kubwa. Nadhani alikugusa palipo na kidonda. Alisema "wenzako wanasaini", na kumbe hata wewe ulisaini, ila yeye hajui. Ukaruka kama aliyekanyagwa. Mtu asiye na kitu pale angecheka, au angeudhika kidogo akaendelea kula.

Mimi nimezaliwa Kagera. Uamsho, lile vuguvugu la Kikristo la toba lililoanzia Gahini, Rwanda, ukavuma miaka ya 1930 na kuvuka Uganda, ulifika hadi kwetu, na babu yangu mzaa mama aliupata. Watu wa Uamsho walikuwa na tabia moja iliyowachosha majirani: mtu akiokoka, anarudisha. Jembe la jirani, hela ya mwajiri, blanketi la hospitali ya misheni, vyote vilirudi, na aliyevichukua akisimama mbele za watu akisema "niliiba". Babu alikuwa mpima kahawa. Alikuwa anaegesha kidole kwenye mizani wakulima wanapoleta magunia. Alipoguswa alikwenda kwa mwenye ghala akamweleza, akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Bibi ndiye alinisimulia. Nilimuuliza kama hakumkasirikia mumewe. Akasema, "Nilikasirika sana. Tulikula ndizi bila kitoweo mpaka nikazichukia. Lakini usiku akaanza kulala. Miaka yote ile nilidhani mume wangu ana ugonjwa wa kutolala."

Wewe unalala?

Msimamizi anacheka kwa sababu ameshika kamba. Kila utakapokataa ataivuta. Kamba hiyo inakatika siku ambayo watu wanaostahili kujua watajua kutoka kwako, na wa kwanza ni mke wako. Mchungaji atangoja. Najua ungependa kuanza na mchungaji, ni rahisi, atakuombea na mtasimama mkashikana mikono. Mke atakuuliza, "Laki mbili ile uliipeleka wapi?" Jibu alilonalo mtu wa kweli ni lile lile lililotokea, hata kama ni la aibu.

Kabla hujamwambia hilo, muombe radhi kwa lile neno, na ufanye hivyo binti akiwepo, maana alikuwepo lilipotoka. Usiweke "lakini" katikati. Usimalize kwa andiko.

Baada ya hapo nenda kwa mchungaji wako, mwambie yote, na suala la uzee wa kanisa muachie aamue. Akisema ukae pembeni kwa muda, kaa. Najua itauma kuliko ovataimu. Utaonekana umeketi viti vya nyuma na watu watauliza.

Na hiyo fedha? Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Kwako ingekuwa laki nane, na sikwambii uzitoe kesho wakati mtoto yuko nyumbani. Wala usimpelekee msimamizi bahasha, huko ni kumgawia mwizi mwenzako. Ulichopokea ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na sheria hiyo haiwasamehe watu wa kampuni binafsi. Kwa hiyo kabla hujaandika barua yoyote kwa mwajiri, kaa na mwanasheria. Kama huna uwezo, tafuta watoa msaada wa kisheria, mpange vizuri namna ya kurudisha na namna ya kusema. Mueleze mwanasheria huyo pia habari ya mifuko 40 ya mwezi uliopita. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana bure kwa namba 113, na tangu 2015 tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, ila mtu mwenye doa lake huenda kwanza kwa wakili, ndipo apige simu. Ungamo la kanisani na maelezo ya polisi ni vitu viwili, usivichanganye kwa jazba ya Jumapili.

Ada: nendeni shuleni wote wawili, muombe kulipa kwa awamu. Mwache mama aongee. Wahasibu wa shule wanawaelewa akina mama haraka zaidi, sijui kwa nini.

Ukishamaliza la nyumbani niandikie tena unieleze limekwendaje. Ila barua hiyo ya pili, kabla hujaituma, mpe mke wako aisome.