Unataka kusomea meno Uganda? Uliza habari za kiti kwanza

Matokeo ya S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, yakishatoka, simu yangu haipumui. "Dokta, meno yanalipa?" Yanalipa. Lakini wengi wanaouliza wanaiona kliniki ya vioo pale Kampala, hawaioni miaka ya katikati.

Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni shahada ya upasuaji wa meno: Makerere, miaka 5, sehemu kubwa ukiwa hospitali ya Mulago, halafu mwaka mmoja wa intanshipu, yaani kazi ya mafunzo chini ya usimamizi, kabla Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno halijakusajili kikamilifu. Baiolojia na Kemia ukizichezea ukiwa S.5, usijisumbue kuomba. Ya pili ni diploma ya miaka 3, inayokutoa ukiwa ofisa wa meno wa afya ya jamii, chini ya baraza la wataalamu wa afya shirikishi. Hawa ndio utakaowakuta kwenye vituo vya afya vya ngazi ya nne, na baadhi yao hurudi Makerere kuchukua shahada. Mzazi asiyeweza kulipa ada ya miaka mitano asione haya kumpeleka mtoto diploma.

Sasa tuje kwenye kiti, kile cha meno anacholalia mgonjwa. Daktari wa kawaida akipewa meza, kipimo cha presha na dawa, kazi inaanza. Wewe bila kiti kinachofanya kazi, kompresa ya kusukuma hewa, maji na umeme, unabaki na koleo na sindano ya ganzi. Ndiyo maana kwenye vituo vingi vya serikali kazi ni kung'oa tu. Mgonjwa mwenyewe keshakaa na maumivu miezi, ametafuna karafuu mpaka imemchosha, anafika jino limebaki mzizi. Ukikaa hapo miaka miwili bila kuziba jino hata moja, mkono unasahau ulichofundishwa. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuchagua, nenda kunakozibwa meno na kutibiwa mizizi, hata kama mshahara ni mdogo kidogo.

Ukifika, jifunze kukitunza kiti chenyewe. Kila jioni fungua valvu ya kompresa utoe maji yaliyokusanyika, la sivyo yatapenya hadi kwenye mashine ya kuchimbia jino na kuiua. Mashine hiyo nayo itie mafuta kabla ya kuiingiza kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke. Fundi wa kweli wa vifaa hivi kumpata huku mikoani ni kazi, na kiti kilichokufa hakiingizi hata shilingi.

Ajira ya serikali wilayani hupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya. Tangu mishahara ya madaktari ipandishwe mwaka wa fedha 2022/23, nafasi zinagombaniwa kweli kweli. Kliniki binafsi nyingi hukulipa asilimia ya kazi uliyofanya. Kabla ya kusaini, uliza asilimia hiyo inakatwa kabla au baada ya kulipa maabara ya meno ya bandia. Nimeona vijana wakifurahia kiwango kikubwa, kumbe gharama zote za maabara ziko upande wao.

Mimi niko Kasese, magharibi mwa Uganda, na sijutii. Kampala mnabanana, huku wagonjwa wanavuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo, na hapo Kiswahili kinakulisha. Mgonjwa akikueleza maumivu yake moja kwa moja, bila mkalimani, kesho anakuletea jirani yake.

Na kazi yenyewe si kung'oa na kuziba tu. Mtoto wa miaka sita akiletwa na taya limevimba na magego yanalegea bila kuoza, usiharakishe kusema jipu, wala usiyang'oe. Hapa hapa Uganda, pale Mulago, ndipo daktari mpasuaji Denis Burkitt alipoanzia kuuchunguza uvimbe huo, akaandika kuuhusu mwaka 1958. Ni saratani, inakua haraka, na inasikia dawa ikiwahiwa. Mpeleke Taasisi ya Saratani bila kuchelewa. Kuna pia ebino, imani ya "meno ya uongo": mtoto mchanga anaharisha, ana homa, bibi anaona ufizi umetuna mahali pa chonge, anaitwa mtu wa kuuchokonoa kwa chuma. Kinachotolewa ni jino changa lililokuwa linaota. Ukimkaripia mama, harudi. Mimi humwambia, "Mama, pole na usiku wa jana," kisha natibu kuharisha kwanza. Habari ya ufizi tunaizungumza mtoto akishatulia. Chuoni utafundishwa ugonjwa. Namna ya kusema na bibi utaitafuta mwenyewe.

Ukifikiria kufungua kliniki yako, leseni ya daktari ni moja na ya kliniki ni nyingine, na zote huhuishwa kila mwaka. Kiti nunua kile ambacho vipuri vyake vinapatikana Kampala, hata kama kilichotumika Ulaya kinaonekana kizuri zaidi kwenye picha.