Tangazo la VPN: bei ya mbofyo ndiyo inayowapoteza wengi

SWALI: Habari mtaalamu. Nina programu ya VPN ya Android, iko Google Play, na nyingine ndogo ya kusafisha simu. Nimetenga shilingi 40,000 za kuzitangaza Kenya, Uganda na Tanzania. Wakala mmoja anasema pesa zote ziende kwenye popanda (tangazo linalofunguka nyuma ya ukurasa) na arifa za kivinjari kwa sababu mbofyo ni senti tu, na ameshachora tangazo lenye onyo jekundu: "Simu yako haina ulinzi!" Mwingine anauza usakinishaji 10,000 kwa bei ya jumla. Nichague aina gani ya tangazo? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndugu yangu, wakala wako amekutajia bei ya kitu usichokihitaji. Unayemhitaji ni mtu atakayeifungua VPN yako siku ya saba, na huyo bei yake haionekani kwenye dashibodi ya wakala.

Chukua karatasi. Namba hizi ni za kukokotolea tu, baadaye weka zako. Tuseme popanda ni Sh 50 kwa kuonekana mara 1,000. Kwa Sh 5,000 ukurasa wako unafunguka mara 100,000. Katika kila 500 mmoja anakwenda Play, yaani watu 200, na asilimia 15 yao wanamaliza kusakinisha. Hao ni watu 30, kila mmoja Sh 167. Sasa tuseme mtu aliyeandika mwenyewe neno "VPN" akitafuta anakugharimu Sh 50 kwa mbofyo. Sh 5,000 inaleta mibofyo 100, robo wanasakinisha, watu 25 kwa Sh 200 kila mmoja. Wakala atakuonyesha 167 na 200, aombe pesa hapo hapo. Ngoja siku saba zipite. Wa popanda wakibaki wawili na wa utafutaji wakibaki wanane, kila aliyebaki wa popanda amekula Sh 2,500 na wa utafutaji Sh 625.

Tofauti hiyo inatoka kwenye saa ambayo tangazo linamkuta mtu. Popanda hufunguka nyuma ya ukurasa anaoutazama, mara nyingi akiwa anahangaikia mechi ya bure kwenye tovuti ya wizi. Alikuja kwa ajili ya mpira. Akisakinisha VPN yako, amefanya hivyo akidhani ndiyo njia ya kuuona, na asipouona anaifuta. Nafasi zilizobaki sokoni zenyewe zinazidi kuoza: tangu tarehe 9 Julai 2019 Chrome huchuja matangazo duniani kote kwenye tovuti zinazoendelea kuvunja vigezo vya Better Ads, yaani kanuni za kuzuia matangazo ya kero, na matangazo ya kuchomoza ni miongoni mwa yaliyokatazwa humo. Tovuti yenye heshima iliyaacha zamani. Arifa za kivinjari nazo, orodha zake zimejaa watu waliobonyeza "Ruhusu" kwa kuambiwa wathibitishe kuwa wao si roboti. Chrome ilianza kuyanyamazisha maombi ya namna hiyo mwaka 2020.

Kwa bajeti yako ningeanza na kampeni ya programu ya Google, na kwa nchi moja tu. Ndani yake huchagui aina ya tangazo hata kidogo. Unaweka malighafi na mfumo unaisambaza kwenye utafutaji, Play, YouTube na ndani ya programu nyingine. Malighafi ni vichwa 5 vya herufi 30, maelezo 5 ya herufi 90, picha hadi 20 na video hadi 20. Vipande huunganishwa kwa mpangilio wowote, kwa hiyo kila kimoja kijitegemee. Kiswahili hula nafasi: "Linda data kwenye Wi-Fi ya umma" ni herufi 31 na itakataliwa, ilhali "Fungua VPN kwa mguso mmoja" ni 26. Video iwe ya wima, na ndani ya sekunde chache za mwanzo ionyeshe skrini halisi ya programu ikiunganika. Taja ukubwa wa faili kama ni mdogo, maana mtu wa bando la siku hupima kabla ya kupakua.

Google ilishauri bajeti ya siku iwe angalau mara 50 ya bei unayolenga kwa usakinishaji mmoja. Ukilenga Sh 200, hiyo ni Sh 10,000 kwa siku, na pesa yako inaisha siku nne. Ndiyo sababu nasema nchi moja na programu moja. Ukiigawa nchi tatu mara programu mbili mara aina tano za tangazo, hakuna kapu litakalopata data ya kutosha kukuambia lolote. Usibadilishe bei unayolenga kila asubuhi.

Nchi yenyewe uichague kwa makini. Tanzania iache mpaka uzungumze na mwanasheria: Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 zinagusa hata kusambaza teknolojia ya kufikia maudhui yaliyozuiwa, na Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN kihalali wawasilishe taarifa zake, pamoja na anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni), kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Uganda ina mtego mwingine. Facebook ilifungwa huko Januari 2021, na tangu hapo aliyeifungua akiwa Uganda mara nyingi yumo ndani ya VPN ya mtu mwingine. Ukinunua tangazo la Facebook kwa ajili ya Uganda unamlipia mtu ambaye tayari ana bidhaa ya mshindani. Kenya inakupa soko tulivu zaidi, ila usipime wakati wa mafuriko ya wanaotafuta VPN: wiki kama zile za Novemba 2024, Telegram ilipozuiwa kwa sababu ya mitihani ya KCSE, watu hutafuta VPN wenyewe, na tangazo lolote lile litaonekana bingwa.

Kuna kosa la kipimo linalowakuta watu wa VPN peke yao. Kama taarifa ya "programu imefunguliwa mara ya kwanza" inatumwa baada ya handaki (njia iliyosimbwa kati ya simu na seva ya VPN) kuunganika, IP inayosomwa ni ya seva yako Uholanzi. Ripoti itasema mtumiaji wa Nakuru yuko Amsterdam, na mifumo ya kukamata udanganyifu itamtupa. Tuma taarifa hiyo kabla ya kuunganisha, au iweke programu yako yenyewe nje ya handaki. Android inaruhusu, amri ni addDisallowedApplication.

Sasa hilo onyo jekundu. Hapa siwezi kusema kwa upole. Sera ya Play inakataza tangazo linaloiga arifa au onyo la mfumo wa simu, na wewe mwenye programu unawajibika kwa vitendo vya wakala uliyemlipa. Programu ikifungiwa kabisa Play, unawapoteza watumiaji pamoja na jina lake, na wakala huyo huyo kesho anatafuta mteja mwingine. Machi 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuwa kampuni za Restoro na Reimage za Cyprus zitalipa dola milioni 26: madirisha yao yalijifanya maonyo ya Windows ili kuuza ukarabati wa kompyuta. Hata vitisho vyenye chembe ya ukweli vina kikomo. Mei 2019 mamlaka ya matangazo Uingereza, ASA, ilizuia tangazo la televisheni la NordVPN kwa kuikuza kupita kiasi hatari ya Wi-Fi ya umma. Maneno salama ni yale unayoweza kuyaonyesha kwenye skrini: unasimba data kati ya simu na seva, tovuti inaona IP ya seva. Usiandike "salama asilimia 100" wala "hujulikani kabisa". Na tafadhali usiguse "intaneti ya bure bila bando". Neno hilo huleta usakinishaji mwingi katika nchi zetu, halafu huleta nyota moja usiku huo huo, kwa sababu VPN halali haikupi bando.

Programu ya kusafisha ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa kuwa biashara hiyo imejengwa juu ya hofu hii hii. Kwenye Android za miaka hii programu ya kawaida haiwezi kufuta kache (faili za muda) za programu nyingine bila idhini ya mwenye simu, na kuzima programu zilizo nyuma hakuleti kasi ya kudumu. Mfumo unazisimamia wenyewe na nyingine hurudi papo hapo, zikila betri zaidi. Tangaza inachokifanya kweli: inatafuta picha zilizojirudia, inaonyesha video kubwa za WhatsApp, mtu anafuta mwenyewe. Bango la 300 kwa 250 lenye picha ya kabla na baada ya nafasi iliyopatikana linatosha kwa kuanzia.

Muuza usakinishaji 10,000 naye anajua anachokilenga. Beji ya VPN iliyothibitishwa, ambayo Google Play iliitangaza Januari 2025, inadai angalau usakinishaji 10,000, maoni 250 na siku 90 sokoni, juu ya ukaguzi huru wa usalama. Watu wanataka kuruka foleni. Usakinishaji wa kununuliwa au wa kuhongwa kwa zawadi umekatazwa na Play, na huo ukaguzi hakuna atakayekuuzia kwa jumla.

Mtandao wowote utakaoujaribu, usilipe kabla ya kusoma muda. Play Install Referrer, chombo cha Google cha kufuatilia usakinishaji ulikotoka, hukupa saa ya mbofyo na saa upakuaji ulipoanza. Mbofyo uliokuja baada ya upakuaji kuanza ni wa uongo: kuna programu nyingine ndani ya simu iliyonusa usakinishaji na kuudandia. Novemba 2018 Kochava, kampuni ya kupima matangazo ya programu, iliituhumu Cheetah Mobile, kampuni iliyojulikana kwa programu za kusafisha simu, kwa mchezo huo, na kampuni ikakana. Februari 2020 programu zake ziliondolewa Play katika fagio la karibu programu 600 zenye matangazo ya usumbufu. Wizi wa pili ni wa kumwaga mibofyo ovyo ukingoja bahati. Dalili yake: muda kati ya mbofyo na kufungua programu umetapakaa masaa ishirini na zaidi badala ya kujaa kwenye saa ya kwanza, na usakinishaji wako wa asili, wa watu wanaokuja wenyewe bila tangazo, unapungua siku ile ile kampeni inapoanza. Wanakuuzia watu wako mwenyewe.

Mwombe wakala wako orodha ya namba za tovuti zinazoonyesha tangazo lako, matumizi ya kila moja, na haki ya kufungia tovuti moja moja. Akikujibu kwamba trafiki yake ni ya siri, bakia na shilingi 40,000 zako.