Nyanya za kwenye ndoo kuoza kitako

Habari za wikendi, ndugu. Umesema nyanya zako za kwenye ndoo zinafanya doa jeusi chini, upande wa pili wa kikonyo, zikiwa bado mbichi, na dawa ya ukungu haijasaidia. Acha hiyo dawa, huo si ukungu. Tunda linakosa kalisiamu, na mara nyingi chanzo ni maji ya leo mengi, kesho hakuna.

Kwanza chomeka kidole kwenye udongo asubuhi, vifundo viwili, uone kama umekauka. Mimi wiki nzima nilikuwa nasahau kumwagilia, Jumamosi namwaga maji ndoo nzima. Jumapili nachuma za kachumbari, nusu zina kitako cheusi kilichobonyea, kigumu kama ngozi. Siku hizi namwagilia kidogo kila asubuhi na nimetandaza nyasi kavu juu ya udongo. Hakikisha pia ndoo ina matundu chini. Mbolea ya urea punguza, inashamirisha majani tu. Maganda ya mayai nayo yana kalisiamu, ila yanaoza polepole mno, usiyategemee msimu huu.

Zenye doa zichume mapema, mmea usihangaike nazo. Zilizokwisha kuiva kata sehemu mbaya, iliyobaki ungia mchicha, inalika vizuri kabisa.