Wasomaji Wauliza: Uzito wa Kamera na Uimara wa Lenzi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga picha wa harusi na mahafali hapa Kisumu, na mara nyingi naitwa Siaya, Busia na Maseno. Nina lenzi mbili za Canon za aina ya EF, yaani ile ndogo ya milimita 50 yenye upenyo wa f/1.8, na ile ya 24-70 ya f/2.8, toleo la pili. Bodi ya kamera yangu imechoka. Mwenzangu mmoja anataka kuniuzia 5D Mark IV aliyoitumia, mwingine ananihimiza nihamie Nikon D850 akisema ndiyo ngumu kuliko zote, na vijana wananicheka kwamba zama za kamera zenye kioo cha kuakisi ndani zimepita, ninunue Canon R6 isiyo na kioo hicho. Nilipoishika R6 dukani niliiona nyepesi mno, nikahofia kwamba ni plastiki tupu. Je, uzito si dalili ya uimara? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Mwamba ngoma huvutia kwake, ndugu yangu, na washauri wako wote wanavutia upande wa kamera waliyo nayo au wanayoitamani. Wewe anza na mizani. Nikon D850, ikiwa na betri na kadi ndani, ina gramu 1,005 hivi. Canon 5D Mark IV ina 890. Na hiyo R6 iliyokutia hofu ina 680. Ukizishika zikiwa tupu utaona tofauti kubwa, lakini hakuna anayepiga picha ya harusi kwa bodi tupu. Lenzi yako ya 24-70 ina gramu 805. Ukiifunga kwenye 5D unapata gramu 1,695. Ukitaka kuifunga kwenye R6 ni lazima upitie kwenye adapta ya kuunganisha lenzi za EF na kamera za R, yenye gramu 110, na jumla yake inakuwa gramu 1,595. Unafuu wote uliotangazwa unabaki gramu 100, na mzigo wenyewe unaegemea mbele zaidi, kwa sababu bodi ni nyepesi na adapta iko mbele yake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kamera ijaribiwe ikiwa imefungwa lenzi utakayoifanyia kazi, na ishikwe dukani kwa dakika kadhaa mkono mmoja ukiwa umeinuka usawa wa jicho, hata kama muuzaji anakutazama kwa kukereka.

Kuhusu plastiki, hofu yako ina chanzo lakini haina msingi. R6 imeundwa kwa aloi ya magnesi pamoja na sehemu za polikaboneti iliyotiwa nyuzi za kioo, na plastiki ya aina hiyo haifanani hata kidogo na ile ya ndoo au kiti cha bustani. Magnesi ikigongwa hubonyea na kubaki hivyo, au hupasuka pembeni. Polikaboneti hunepa kidogo na kurudi mahali pake. Kamera ikianguka kutoka kifuani hadi kwenye sakafu ya saruji, mara nyingi ganda la nje si tatizo, bali ile pete ya chuma ambapo lenzi hushikana na bodi, kwa kuwa uzito wote wa lenzi hulipukia hapo. Hapo ndipo ninapotazama kwanza, na ndiyo sababu kamera nzito yenye lenzi nzito inaweza kuumia zaidi ya nyepesi katika anguko lile lile.

Suala la D850 nalimaliza haraka, ingawa ni kamera ninayoiheshimu sana: kishikio chake ni kirefu kiasi cha kukipa kidole cha mwisho nafasi, na vitufe vyake huwaka taa, jambo ambalo mpiga picha aliyewahi kufanya kazi ndani ya hema la sherehe saa mbili usiku hawezi kulidharau. Lakini lenzi zako hazitakufaa huko. Umbali kutoka pete ya lenzi hadi kwenye kihisi cha picha ni milimita 44 kwa Canon EF na 46.5 kwa Nikon F, kwa hiyo lenzi ya EF ingekaa mbali mno na isingeweza kufokasi vitu vya mbali bila adapta yenye vioo vya ziada, ambavyo huharibu kile ulicholipia. Ni lazima uuze zote na kuanza upya. Tena pete ya kuzumu, yaani ya kuvuta picha karibu au mbali, ya Nikon huzunguka kinyume na ya Canon, na hata lenzi yenyewe hufungwa kwa kuzungushwa upande mwingine. Mkono uliozoea huendelea kukosea kwa muda mrefu, hasa bibi harusi anapokuwa tayari amefika mlangoni mwa kanisa.

Basi yabaki mawili. Kwa starehe ya mkono, 5D Mark IV ni mshindi: ina kioo kidogo cha taarifa juu ya bodi, R6 haina, gurudumu lake kubwa la nyuma liko mahali kidole gumba kinapolala, na betri yake hupiga picha takribani 900 ilhali R6, ukitumia kitazamio chake cha kielektroniki, hukadiriwa karibu 380. Zote mbili zinatumia familia moja ya betri, LP-E6, kwa hiyo betri zako zikiwa za aina hiyo zitaingia kote, ila kwa R6 uwe na tatu mfukoni siku ya harusi.

Lakini uliniuliza juu ya uimara, na hapo R6 inapanda. Shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga kwa kila picha, ya 5D Mark IV imekadiriwa kuhimili mipigo 150,000, ya R6 mipigo 300,000. Kabla ya kumlipa mwenzako, dai uonyeshwe idadi ya mipigo ambayo shata yake imekwisha kupiga. Ikizidi 100,000, mpe pole na uondoke. Aidha, R6 ina mtambo wa kutuliza mtetemo ndani ya bodi, na lenzi yako ya 24-70 haina wake, kwa hiyo mkono uliochoka jioni utapata msaada ambao 5D haiwezi kuutoa. Tena R6 ikizimwa inaweza kufunga shata yake mbele ya kihisi, kinga ambayo utaithamini utakapobadilisha lenzi kando ya barabara ya murram. Kwa hayo, mimi ningechukua R6, ningenunua adapta ya Canon yenyewe kwa kuwa imekingwa dhidi ya vumbi na unyevu, na ningeiacha imefungwa kwenye bodi daima, kana kwamba ilizaliwa nayo.

Jambo moja zaidi, na hili wengi hulipuuza. Maneno «inavumilia hali ya hewa» si ahadi ya kuingia mvuani. Kampuni nyingi hazitoi kipimo chochote cha kimataifa cha kuzuia maji kwa kamera zao. OM-1 ya mwaka 2022 yenye kipimo cha IP53 na Leica SL2 yenye IP54 ni miongoni mwa chache zilizojitokeza. Hata bodi iliyokingwa vizuri huwa imekingwa pale tu lenzi nayo ina mpira mwembamba unaozunguka pete yake ya nyuma. Igeuze lenzi yako ya 24-70 utauona, mweusi, ukigusa ukucha unanepa. Kisha igeuze ile ya milimita 50: hakuna kitu. Toleo lake la mwaka 1990 hata pete yenyewe ilikuwa ya plastiki; lile la 2015 lina pete ya chuma, lakini mpira bado halina. Mvua ya jioni kutoka ziwani ikikukuta na lenzi hiyo, umebeba nyumba yenye kufuli imara na dirisha wazi, na haijalishi bodi ni ya magnesi au ya dhahabu.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi huongoza watalii katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru na hupiga picha za ndege na vifaru kwa ajili ya kuuza. Kila mara mashindano ya Safari Rally yanapofanyika Naivasha pia huwa naenda. Nina Nikon D750 na ninataka lenzi ndefu ya Sigma ya 150-600. Zipo aina mbili, Contemporary na Sports, na wanaoziuza hawanielezi tofauti ila bei. Ninunue ipi? Na Nikon 200-500 je? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kwa macho ya picha yenyewe zinakaribiana kuliko bei zinavyodokeza. Tofauti kubwa iko mkononi na kwenye maungio. Contemporary ina gramu 1,930. Sports ina gramu 2,860, yaani karibu kilo nzima zaidi. Contemporary imewekewa mpira kwenye pete ya kushikana na bodi peke yake, ilhali Sports imekingwa pia kwenye maungio mengine ya mwili wake, ambao kwa sehemu kubwa ni chuma.

Sasa fikiria unavyofanya kazi. Hifadhini hupaswi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa, kwa hiyo lenzi yako hulala juu ya mfuko wa maharagwe dirishani, na kilo hiyo moja haikusumbui hata kidogo. Zima injini tu kabla ya kupiga, maana mtetemo wa gari la dizeli hupanda moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Naivasha ndiko unakosimama kwa miguu, na huko uzito utauhisi, lakini huko ndiko pia kuna lile vumbi laini linalopanda kama moshi gari linapopita na kuingia hata mahali ambapo ungeapa kwamba hapana upenyo. Lenzi hizi zote mbili hurefuka zinapozumiwa. Kila ikirefuka huvuta hewa ndani, na hewa hiyo huja na kilichomo. Nunua Sports, uinunulie na mguu mmoja wa kuegemezea, na bega lako litapona. Kama ungekuwa mtu wa kutembea kutwa nzima msituni, ningesema kinyume.

Usisahau kwamba D750, ikiwa na betri na kadi, haifiki gramu 850. Lenzi hii ina uzito zaidi ya mara tatu wa bodi. Mbele ya D750 ni kaboni iliyochanganywa na plastiki, nyuma na juu ni magnesi, na muundo huo ni imara, lakini haukukusudiwa kuning'iniza karibu kilo tatu kwa mkanda wa kamera. Mkanda uufunge kwenye mguu wa lenzi, yaani kile kikanyagio kilicho chini ya lenzi cha kuifungia kwenye stendi, nawe uinue kwa kushika mguu huo, si kishikio cha bodi. Barabara zenye makorogo zikianza, sukuma kitufe cha kufunga zumu ili mwili wa lenzi usitoke wenyewe kwa mtikisiko. Vumbi la ufukweni, ambalo lina magadi, usilipanguse kwa kitambaa kikavu. Lipulizie kwanza kwa pampu ya mpira, kisha ndipo upanguse, la sivyo utakuwa unapiga msasa kioo cha mbele.

Uliuliza pia kwa ufupi juu ya Nikon 200-500. Ni lenzi nzuri yenye upenyo thabiti wa f/5.6, gramu 2,300 pamoja na pete ya mguu, ila pete yake ya kuzumu ina mzunguko mrefu kiasi kwamba kutoka 200 hadi 500 utalazimika kushika mara mbili. Kwa heroe waliosimama halikudhuru neno. Kwa gari la mashindano linalokujia, litakukera.

SWALI: Nataka kununua lenzi iliyotumika hapa Kakamega. Nitajuaje kama bado ni imara? (Msomaji, Kakamega)

JIBU: Nenda na tochi na bodi yako. Ondoa vifuniko vyote viwili, fungua upenyo wote, elekeza mwanga kutoka nyuma na utazame ndani kwa pembe. Vijinyuzi vinavyotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati ni kuvu, na katika unyevu wa huko kwenu kuvu ni jambo la kawaida kwa lenzi iliyofungiwa ndani ya mkoba wa ngozi miezi mingi. Chembe chache za vumbi zisikuogopeshe. Kisha ifunge kwenye bodi yako, ishike kwa mkono wa kushoto na uitikise taratibu kulia na kushoto. Mchezo mdogo sana huwepo kwa lenzi nyingi, lakini ukisikia mlio wa chuma kwa chuma au ukiona mwanga kati ya pete mbili, imeanguka au imechakaa. Tazama skrubu za pete ya nyuma: vichwa vilivyokwaruzwa vinamaanisha fundi amekwisha kuifungua, na ni haki yako kumwuliza muuzaji kwa nini.

Zungusha pete ya kuzumu polepole mwanzo hadi mwisho. Inapaswa kuteleza kwa uzito ule ule; ikikwama mahali pamoja, kuna mchanga au mfereji uliopinda. Kuwa mwangalifu zaidi na lenzi za zamani za kusukuma na kuvuta, kama Canon 100-400 ya kwanza ya mwaka 1998, ambazo wapiga picha wenyewe huziita pampu za vumbi. Toleo la 2014 liliacha mtindo huo na kuwa la kuzungusha. Na ukitikisa lenzi yenye kutuliza mtetemo, ikiwa imezimwa, ukasikia kitu kikigongagonga ndani, usikimbie: ni kundi la vioo vinavyoelea kwa ajili ya kazi hiyo, na kamera ikiwashwa hutulia. Ikiendelea kugonga baada ya hapo, mrudishie mwenyewe.